Sengu: Mahali pa Kula na pa Kusema

Aghalabu waandishi wa habari za Umatengo huanza na kilimo cha ngolo, na hawana lawama kwa hayo, maana mgeni apandaye kutoka Mbinga kwenda Litembo huonana kwanza na milima ile mikali iliyochimbwa mashimo kwa safu, kila shimo limezungukwa na matuta yaliyofunika majani chini yake, hata mvua inyeshapo maji hutulia ndani ya mashimo badala ya kuporomoka bondeni pamoja na udongo. Mabwana shamba wameisifu ngolo kwa ajili ya udongo na maji, na sifa hiyo ni ya haki. Mimi napenda kuitazama kwa sababu nyingine isiyotajwa sana, nayo ni kwamba mtu hawezi kuilima kwa salama ikiwa jirani aliye juu yake ni mzembe au adui. Mashimo ya juu yakiachwa yakabomoka, maji yake humwangukia wa chini, na kazi ya msimu mzima hupotea kwa mvua ya siku moja. Watu walimao namna hiyo hawana budi kusemezana, na kusemezana kwenyewe hakuna budi kuwa kwa namna isiyovunja ujirani, kwa kuwa mlima hauhamishiki wala jirani hahamishiki.

Haja hiyo ilizidishwa na jinsi watu walivyokutana pale. Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliingia katika nchi ya Songea, watu hodari wa vita na wajuzi wa kupanga majeshi, na jamaa nyingi ndogo ndogo zilizokuwa zikikaa mahali pa wazi zikakimbilia milimani, zikajificha mapangoni na katika misitu ya miteremko, kila jamaa na asili yake na desturi zake. Hofu iliwakusanya, lakini hofu haitoshi kuwa msingi wa ujirani wa daima. Ilipopungua walijikuta watu wengi juu ya ardhi finyu, kila ukoo umeshika mgongo wake wa mlima tangu kileleni hadi kijito cha chini, eneo ambalo Wamatengo huliita ntambo. Mtu aliyegombana na ndugu yake leo alijua kwamba atamwona tena kesho na mwaka ujao, na kwamba watoto wao watarithi mpaka mmoja. Katika hali hiyo ndipo sengu ilipostawi.

Sengu ilikuwa baraza la ukoo na sahani ya ukoo kwa wakati mmoja. Wanaume wa ukoo, wazee kwa vijana, pamoja na watoto wao wa kiume, walikusanyika kwa mzee aliye mkubwa wao, ambaye kwa kawaida ndiye babu yao. Na kila mke wa ukoo huo alipika nyumbani kwake akapeleka chakula mahali pale, vyakula vya nyumba zote vikawekwa pamoja, nao wakala pamoja. Baada ya kula yakaingia mazungumzo: nani amepata shamba na nani hajapata, mpaka gani umesogezwa, kijana gani amefikia kuoa na ndugu zake watamsaidiaje, nani amemkosea mwenziwe na atamtakaje radhi. Hapo ndipo kazi za pamoja zilipopangwa, na hapo ndipo watoto walipofundishwa habari za nasaba yao, miiko yao na adabu ya kusema mbele ya watu.

Jambo ambalo wengi hulipita upesi wanaposimulia habari hizi, nami naliona kuwa ndilo kiini chake, ni kile chakula. Imekuwa mazoea kuyasifu mabaraza ya wazee wa zamani kana kwamba staha yao ilitoka katika mvi zao tu, au katika kivuli cha mti walipoketi. Lakini fikiri hali ya mtu aliye ndani ya sengu. Ikiwa nyumba yake imepungukiwa mwaka ule, alikula kama wenziwe, kwa hiyo hakuja kwenye shauri na uchungu wa njaa wala aibu ya kuomba. Na ikiwa nyumba yake ina wingi, wingi wake ulikuwa tayari umo katika sahani ya wote kabla hajafungua kinywa kujisifu. Wahenga wamesema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Katika sengu shibe na njaa ziliketi pamoja, zikajuana. Tena mtu akikosekana alionekana kuwa hayupo, akaulizwa, na ulizo hilo lilikuwa mwanzo wa usuluhishi, kwa sababu mwenye ghadhabu ya siri hujitenga na chakula kabla ya kujitenga na watu. Na mtu aliyekuwa na neno zito la kumwambia nduguye alijua kwamba kesho watachovya tena katika bakuli moja. Hakuna kanuni iliyoandikwa ambayo ingeweza kumtuliza ulimi kuliko ujuzi huo.

Naam, adabu ya kauli katika sengu ilikuwa tunda la maisha yenye ushirika. Haikuwa pambo lililobandikwa juu ya maisha ya watu waliotengana. Nalisisitiza neno hili kwa kuwa siku hizi, kila mikutano yetu inapoingia kelele na matusi, dawa tunayoikimbilia ni nasaha: watu waambiwe waheshimiane, wavumiliane, wachunge ndimi zao. Nasaha ni njema. Lakini historia ya milima hii inaonyesha kwamba watu walianza kusemezana vibaya walipoacha kuwa na kitu cha kugawana, na kwamba waliporudi kusemezana vizuri, walirudi kwa njia ya kitu kama hicho.

Hata hivyo sitaki kuipamba sengu kupita kadiri yake. Wanawake waliipikia na hawakuketi katika shauri lake. Na hao ndio waliokuwa na mengi ya kusema, kwa maana katika kazi ya ngolo mwanamume hufyeka majani na kuyapanga miraba miraba, kisha mwanamke hushika jembe akachimba na kuyafukia. Hivi kwamba mpaka wa shamba uliojadiliwa na wanaume baada ya kula ulijulikana kwa mikono ya mtu asiyekuwapo. Vijana nao walisikiliza zaidi kuliko walivyosikilizwa, na mzee aliyependelea mtoto mmoja kuliko mwingine hakuwa na wa kumzuia isipokuwa dhamiri yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilipoagiza kwamba baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, iliziba pengo ambalo sengu iliishi nalo tangu mwanzo wake bila ya kuliona. Anayetaka kuhuisha desturi za zamani na aanze kwa kukubali hilo.

Sasa tuangalie jinsi sahani ile ilivyogawanyika. Wajerumani walifika milimani wakitaka kodi na utii, na mwaka 1902 Wamatengo walipigana nao huko Litembo wakashindwa. Tangu hapo ikawapo sauti nyingine nchini, sauti isiyongoja zamu na isiyokula na mtu. Mwaka 1914 Mapadre wa Benedikto waliweka misheni yao Litembo, na pamoja na sala wakaleta shule, na shule ilileta mtoto anayejua kusoma barua ambayo babu yake hawezi kuisoma. Mtoto huyo hakukosa adabu. Lakini ujuzi ulikuwa umehama kutoka kwa mzee, na mahali ujuzi unapohama, haki ya kusema kwanza huhama nao.

Waingereza walipoichukua nchi, Gavana Donald Cameron aliweka utawala wa kupitia wenyeji kwa sheria ya mwaka 1926, na watawala wa Umatengo wa nasaba ya Makita wakawa sehemu ya serikali hiyo, na mabaraza yao yakawa mahakama, yenye karani, daftari, ada na faini. Si haki kuyalaani mabaraza hayo jumla. Mtu mnyonge wa ukoo mdogo, ambaye katika shauri la ukoo mkubwa asingesikilizwa, alipata mahali pa kupeleka malalamiko yake nje ya jamaa zake, na Kiswahili kikampa lugha ya kujitetea mbele ya watu wa makabila mengine. Lakini namna ya kusema ilibadilika kwa dhati yake. Katika sengu ndugu wawili walizungumza ili waendelee kuishi pamoja. Barazani mdai na mdaiwa walizungumza ili mmoja ashinde. Watu wakajifunza kusema kwa ajili ya kushinda, na kwa kuwa kushinda kulikuwa na faida, walijifunza vizuri.

Kahawa ilifanya zaidi ya serikali zote mbili. Mibuni ilienea milimani tangu miaka ya 1920, na ikawapa Wamatengo fedha, nyumba za matofali, ada za shule na jina jema sokoni. Fedha ya kahawa, tofauti na maharage na mahindi ya ngolo, iliingia katika mfuko wa mtu mmoja mwenye miti yake, na mtu mwenye mfuko wake alianza kula nyumbani kwake, mlango umefungwa, pamoja na mkewe na wanawe. Si uchoyo uliomfunga mlango. Mapadre walimfundisha kuitukuza nyumba yake mwenyewe, shule ilidai ada kwa mtoto wake na si kwa watoto wa ukoo, na ntambo ilipojaa watu, vijana walitoka kwenda kufungua mashamba mapya mbali na sengu ya babu zao. Kila jambo lilikuwa na sababu njema. Jumla yake ilikuwa kwamba watu waliokuwa wakila pamoja waliacha kula pamoja, na baraza lililokaa juu ya kula pamoja likabaki jina linalokumbukwa na wazee.

Lakini kahawa, baada ya kuwatenganisha watu, iliwakusanya tena kwa njia nyingine, na hapa nataka kukaa kidogo. Mwaka 1936 kiliundwa chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichojulikana kwa kifupi kama NGOMAT, kwa ajili ya kuuza mazao ya wakulima wa pande hizo, tumbaku ya Songea ikiwa mbele. Hebu tazama jina lenyewe lilivyounganisha watu ambao babu zao walikimbizana mapangoni. Watoto wa waliokimbizwa na watoto wa waliowakimbiza walikuwa na chombo kimoja, na katika mikutano ya ushirika mkulima alijifunza aina ya mazungumzo ambayo sengu haikuijua wala baraza la mtawala halikuitaka: kusimama mbele ya watu wasio ndugu zake, kumwuliza mwenyekiti hesabu, kudai kumbukumbu za mkutano uliopita zisomwe, na kukubali kushindwa kwa kura bila ya kuondoka kwa hasira. Hiyo ilikuwa elimu ya siasa kabla ya siasa. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na soko la kahawa lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi katika miaka ya 1990 ushirika ulidhoofika tena. Na kila ulipodhoofika, wakulima walipoteza soko, na pamoja na soko walipoteza mahali pa kuulizana maswali kwa utaratibu.

Ukiteremka kutoka milimani kuelekea magharibi, njia hukushusha mpaka Ziwa Nyasa, kwenye Mbamba Bay, Liuli, Lituhi na vijiji vilivyo katikati yake, ambako watu hula ugali wa muhogo kwa usipa na ambako Wanyasa, Wampoto na Wamanda wamekaa kando ya maji yaliyowaunganisha na kisiwa cha Likoma na ng'ambo kuliko milima ilivyowaunganisha na Songea. Padre William Percival Johnson wa misheni ya UMCA, aliyefika Afrika mwaka 1876 na kufariki Liuli mwaka 1928, ambako kaburi lake lipo, alipita pwani hii miaka mingi, akiwa karibu kipofu, akikaa na watu katika vijiji vyao na kuandika habari zao. Ninamtaja kwa sababu mtu asiyeona vizuri hana budi kusikiliza, na sifa aliyoacha pwani ile ilitokana zaidi na kusikiliza kwake kuliko na mahubiri yake.

Lakini desturi ya ziwani inayohusiana hasa na maneno yetu ni ngoma ya mganda. Baada ya vita ya 1914 mpaka 1918, vijana waliokuwa wamewaona askari wa King's African Rifles wakipiga gwaride, na wengine waliokuwa askari au wapagazi wao wenyewe, walianza kucheza kwa safu, wamevaa nguo nyeupe, ngoma kubwa ikiongoza, na vibuyu vya kupulizwa vyenye utando wa buibui vikitoa sauti kama ya matarumbeta. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma ya beni, ameeleza jinsi ngoma za namna hii zilivyoenea Afrika ya Mashariki na kuwa vyama vyenye vyeo na nidhamu yao. Pande zote mbili za ziwa zilikuwa nayo, ng'ambo ikiitwa malipenga, na wanawake wakawa na kioda yao.

Kijiji kilikialika kijiji kingine kushindana. Hapo palikuwa na majivuno, palikuwa na mafumbo, na katika nyimbo zao wachezaji walisema waziwazi yale ambayo mchana wa kawaida hayasemeki: mkubwa mwenye upendeleo, kijana aliyeharibu fedha za watu, kijiji kizembe. Ingekuwa rahisi ushindani huo ukageuka kuwa vita, na huenda mahali pengine uligeuka. Kilichouzuia ni kwamba mwenyeji alikuwa na wajibu wa kuwalisha na kuwalaza wale wale anaotaka kuwashinda, na kwamba zamu yao ya kuwa wenyeji ingefika. Mtu huchagua maneno yake kwa uangalifu anapojua kwamba msimu ujao atakuwa mgeni katika uwanja wa mtu aliyemwimba. Ndiyo sengu ile ile kwa sura nyingine: kule milimani chakula kilitangulia shauri, huku ziwani chakula kiliandamana na shindano, na kote kuwili ulimi ulifungwa na ukarimu. Kapteni John Komba, mwana wa Lituhi aliyeongoza kundi la Tanzania One Theatre na kuwa mbunge wa Mbinga Magharibi, aliyefariki mwaka 2015, alitoka katika pwani hii ambayo tangu zamani iliuona wimbo kuwa njia halali ya kusema mambo ya watu wote.

Pwani hiyo hiyo imeshuhudia pia ugomvi usiokuwa wake. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliingia Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen, ikaipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa. Na Kapteni Berndt, mkuu wa meli ya Kijerumani, alimwendea Kamanda Rhoades wa Guendolen kwa ghadhabu, kwa kuwa walikuwa wakijuana na yeye hakuwa amepata habari kwamba kuna vita. Vivyo hivyo mpaka wa ziwa, uliotokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, ulizusha maneno makali baina ya Tanzania na Malawi mwaka 1967 na tena mwaka 2012. Maneno hayo yalisemwa katika miji mikuu. Wavuvi wa pande zote mbili waliendelea kukutana majini na kusalimiana, kwa kuwa upepo wa ziwa humfanya kila mvuvi kuwa mhitaji wa mwenziwe.

Uhuru ulipopatikana, Mwalimu Nyerere aliwakumbusha watu mara nyingi kwamba wazee wetu walizungumza mpaka wakakubaliana, akautaka uhuru ujengwe juu ya desturi hiyo. Jirani na Mbinga, huko Litowa katika wilaya ya Songea, vijana wa TANU walikuwa wameanzisha kijiji mwaka 1960, na kutokana na mfano wao ukakua Umoja wa Maendeleo wa Ruvuma chini ya Ntimbanjayo Millinga, pamoja na Mwingereza Ralph Ibbott aliyeishi nao kama mshauri. Wanakijiji walilima pamoja, wakagawana mapato, na mambo yao wakayaamua katika mikutano yao wenyewe. Naamini mikutano ile iliwezekana kwa sababu shamba lilikuwa moja. Mtu aliyeshindwa katika mjadala wa jioni aliamka asubuhi akaenda kulima na aliyemshinda. Septemba 1969 chama kiliuvunja umoja huo. Wakubwa hawakuwa tayari kuona watu wakiamua mambo yao bila ya kungoja maelekezo, na hasara yake haikuwa ya Litowa peke yake, kwa maana muda mfupi baadaye vijiji vilianzishwa nchi nzima kwa amri, na mkutano wa kijiji ukawa mahali pa kutangaziwa.

Nafasi za kisheria za kusemezana tunazo sasa. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inaufanya mkutano mkuu wa kijiji, wenye kila mkazi aliyefikia miaka 18, kuwa mamlaka ya juu ya kijiji, nao hukutana kila miezi mitatu. Mabaraza ya kata ya usuluhishi yalipata sheria yake mwaka 1985. Vyama vingi vya siasa vilirudi mwaka 1992. Mambo hayo ni mema na ni haki za watu. Lakini mkutano ambao watu hukutana kwa sababu ya sheria tu, bila ya kitu wanachokimiliki pamoja na kukitolea hesabu, huwa mwepesi kuchukuliwa na wenye sauti kubwa, na tangu vyama viwe vingi umekuwa mara kwa mara uwanja wa kampeni nje ya msimu wa kampeni. Mwananchi mtulivu hubaki nyumbani. Akiulizwa kwa nini, hujibu kwamba kule hakuna ila kelele, na kwa kubaki kwake kelele huongezeka.

Urithi wa sengu ulio karibu zaidi, kwa maoni yangu, haukuhifadhiwa na serikali bali na Kanisa, katika zile jumuiya ndogondogo zilizoanza kuenezwa katika miaka ya 1970 na ambazo Jimbo Katoliki la Mbinga, lililoundwa mwaka 1986, limeshikamana nazo. Nyumba chache za jirani hukutana kila wiki, leo kwa huyu kesho kwa yule, wakasoma, wakasali, kisha wakasemezana habari za mgonjwa, mfiwa na waliokosana. Kila nyumba hufikiwa kwa zamu, kwa hiyo hakuna anayeweza kuwadharau wenziwe kwa kuwa ni wageni wake au wenyeji wake. Na wanawake humo husema, wakaongoza, wakawa wengi kuliko wanaume. Hiyo ndiyo tofauti yake kubwa na sengu, na ndiyo nguvu yake.

Kisha kuna habari ya kijiji cha Kindimba. Kati ya mwaka 1999 na 2004 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kwa msaada wa serikali ya Japani kupitia JICA, kilifanya kazi milimani humo kupitia kituo chake cha maendeleo endelevu ya vijijini. Watafiti walikaa na watu, wakauliza jinsi mambo yalivyokuwa yakiamuliwa zamani, na wazee wakawaeleza sengu. Kijiji kilikuwa na haja ya mashine ya kusagia nafaka, na mito ya milima ile ina nguvu ya kutosha kuzungusha gurudumu. Basi wakaamua kujenga mashine ya maji kwa kazi yao ya pamoja, na kamati waliyoiunda kuisimamia wakaipa jina la Sengu. Kutoka kwenye mashine yakazuka mambo mengine, bustani za miche na mabwawa ya samaki, na vikundi vya kuyatunza.

Ninavyoona mimi, waliofanya kazi ile hawakuanza kwa kuwafundisha wana Kindimba adabu ya mikutano. Walianza na unga. Mashine ni ya wote, gurudumu likisimama kila nyumba huhisi, fedha za kusagia zina daftari, na daftari lina mwenye kuliuliza. Mtu akisema ovyo katika mkutano wa mashine huwakosea watu ambao kesho atasimama nao katika foleni moja akiwa na debe lake la mahindi. Chakula kilikuwa kimerudi katikati ya baraza, na safari hii wale wanaobeba mahindi kwenda kusaga wana haki ya kuuliza yanavyosagwa.

Wapo leo katika Mbinga na katika wilaya ya Nyasa, iliyotengwa nayo mwaka 2012, vijana na wazee wanaotaka kuona mikutano ya hadhara ikirudi kuwa mahali pa heshima, na wengi wao huuliza waanzie wapi. Wasianze mbali. Tangu msimu wa mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa iuzwe kupitia vyama vya msingi vya ushirika, na kwa hiyo mkulima wa Litembo na wa Mbuji, apende asipende, ana tena kitu kimoja na jirani yake: bei, makato na malipo ya pili. Hapo ndipo hasira ilipo nyingi kuliko mahali pote, na hapo ndipo pa kushika kazi, kila mtu katika chama chake cha msingi. Mkutano uitishwe saa ambayo mama aliyetoka shambani anaweza kufika. Makato yasomwe kwa sauti, moja baada ya moja, pamoja na jina la kila anayelipwa kutokana nayo, na mwenyekiti asiitishe kura kabla ya wote wanaotaka kuuliza kumaliza maswali yao.